Ukurasa Mmoja kwa Vivinjari Vyote

Kitabu kilichopigwa chapa kina bahati moja kubwa. Kikitoka mtamboni, maneno yake ni yale yale mbele ya kila msomaji. Tajiri akikifungua chini ya taa ya umeme, na maskini akikifungua kando ya koroboi, ukurasa wa kumi ni ukurasa wa kumi. Hapana mstari umkimbiao mmoja ukamwendea mwingine. Ukurasa wa tovuti hauna bahati hiyo. Hausafiri ukiwa umekamilika. Kinachosafiri ni maandishi pamoja na maagizo: hapa pana kichwa cha habari, hapa pana aya, hapa pana picha, hapa pana kisanduku cha kuandikia jina. Maagizo hayo hufika katika kompyuta au simu ya msomaji, na humo hupokewa na programu iitwayo kivinjari, ambayo huyafasiri na kuuchora ukurasa papo hapo. Chrome, Firefox, Safari, Edge na Opera ni majina ya vivinjari vinavyojulikana zaidi. Kwa hiyo maagizo ni mamoja, lakini wafasiri ni wengi. Na kila aliyekaa jikoni anajua kwamba mchele mmoja una mapishi mbalimbali.

Mapishi kutofautiana si kosa. Kosa ni nyumba moja kula ikashiba na nyumba ya pili kulala na njaa, hali zote mbili zilipewa mchele. Insha hii inashitaki desturi moja iliyoenea: desturi ya kujenga tovuti kwa ajili ya kivinjari kimoja tu, kile akipendacho mjenzi, na kuwaacha wasomaji wa vivinjari vingine mlangoni. Nasema kwamba desturi hiyo ni uvivu uliovaa joho la ufundi. Na inapofuatwa na ofisi ya umma, si uvivu tena bali ni dhuluma.

Huenda mtu akadhani kwamba jambo hili ni la urembo: rangi hapa, mstari pale, herufi kubwa au ndogo. Lingekuwa hivyo, nisingepoteza wino. Lakini katika siku zetu ukurasa wa tovuti ni mlango wa ofisi. Hapa Kenya, huduma za serikali zilianza kukusanywa katika tovuti ya eCitizen mwaka 2014, na mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimefikishwa humo. Kijana amalizaye kidato cha nne huchagua masomo ya chuo kikuu kwa njia ya tovuti. Mzazi wake huomba cheti cha kuzaliwa kwa njia hiyo hiyo, na mfanyabiashara hulipa kodi yake huko. Basi fikiri juu ya ukurasa ambao, katika simu ya bei ndogo, kitufe cha kutuma maombi kimejificha nyuma ya picha, au kipo lakini kikibonyezwa hakisikii. Kijana atabonyeza mara moja, mara kumi, mara ishirini. Siku ya mwisho itapita. Hakuna karani aliyemkatalia. Hakuna barua iliyomwambia kwamba hakufaa. Amenyimwa pasipo mnyimaji, na pengine atajilaumu mwenyewe kwa kudhani kwamba hajui kutumia simu. Dhuluma isiyo na mwenyewe ndiyo mbaya kuliko zote, maana hapana mtu wa kuiomba radhi wala wa kuiondoa.

Ili tujue kwamba mambo hayakupasa kuwa hivi, yatupasa turudi kwenye chanzo. Wavuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN, karibu na mji wa Geneva. Alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na mwaka 1990 akaandika kivinjari cha kwanza. Tatizo lililomsumbua lilikuwa hili hili tunalolisema: wataalamu wa maabara ile walitoka nchi nyingi na walikuwa na kompyuta za aina nyingi, na maandishi yaliyohifadhiwa katika kompyuta ya namna moja hayakuweza kusomwa kwa urahisi katika nyingine. Wavuti ulizaliwa kuwa dawa ya ugonjwa huo. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN iliutoa bure kwa watu wote, bila ya ada wala leseni. Mwaka 1994 Berners-Lee akaanzisha chama kiitwacho W3C ili makampuni na wataalamu wakae pamoja kutunga kanuni za pamoja. Kwa hiyo anayejenga ukurasa usiosomeka ila katika kivinjari kimoja hafuati usasa wowote. Anaurudisha ugonjwa ambao Wavuti uliletwa kuuponya.

Ugonjwa ulirudi upesi. Kampuni ya Netscape ilitoa kivinjari chake mwezi wa Desemba 1994, na kikapendwa sana. Microsoft ikajibu kwa Internet Explorer mwezi wa Agosti 1995. Hapo ndipo vilipoanza vita ambavyo wanahistoria wa kompyuta huviita vita vya vivinjari, na katika vita hivyo mwamba ngoma kila mmoja alivutia ngozi kwake. Netscape ilibuni alama ya kuyafanya maneno yawake na kuzimika kama kimulimuli. Microsoft ikabuni alama ya kuyafanya maneno yapite mbio kutoka ubavu mmoja wa kioo hata wa pili. Netscape ikatoa lugha ya JavaScript mwaka 1995. Microsoft ikatengeneza mfano wake iliyouita JScript mwaka uliofuata, na mifano hiyo miwili haikulingana kila mahali. Wajenzi wa tovuti, badala ya kukataa kuwa askari katika vita visivyo vyao, walichagua upande. Wakabandika katika kurasa zao vibao vidogo vya kumwambia msomaji kwamba ukurasa ule waonekana vizuri zaidi katika kivinjari fulani. Tafsiri ya kibao kile ni moja tu: kama huna chombo nikipendacho, shauri yako.

Nitaeleza mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu waonyesha jinsi hitilafu ndogo izaavyo fujo kubwa. Lugha ya kuurembesha ukurasa huitwa CSS, na kanuni zake za kwanza zilitangazwa mwezi wa Desemba 1996. Tuseme mjenzi anataka kisanduku cha maneno chenye upana wa pikseli 300, yaani vitone 300 vya nuru katika kioo. Ndani ya kisanduku anataka nafasi tupu ya pikseli 20 kila upande, na mpaka wa pikseli 5 kila upande. Je, kisanduku kizima kitakuwa na upana gani? Kanuni ya mwaka 1996 ilisema kwamba 300 ni upana wa maneno peke yake. Kwa hiyo nafasi na mipaka vikiongezwa, kisanduku kizima ni pikseli 350. Internet Explorer cha toleo la 5 katika Windows kilifasiri kwamba 300 ni kisanduku kizima, basi maneno yakabakiwa na pikseli 250. Tofauti ni 50. Visanduku vitatu vikiwekwa ubavu kwa ubavu, tofauti huwa 150. Katika kivinjari kimoja safu tatu hukaa sawasawa. Katika kingine safu ya tatu hukosa nafasi, ikaporomoka chini ya zile mbili, na ukurasa ukawa kama nyumba iliyoangukiwa na ukuta.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hesabu ile ya Microsoft haikuwa ya kipumbavu. Wajenzi wengi baadaye waliiona kuwa nyepesi zaidi katika kazi, na leo kanuni zenyewe za CSS humruhusu mjenzi kuchagua hesabu aitakayo kwa agizo moja. Kosa halikuwa kufikiri tofauti. Kosa lilikuwa kila mmoja kuhesabu kivyake, huku msomaji akilipa gharama. Sokoni watu waweza kukubaliana kuuza kwa kilo au kwa pishi, na vyote viwili ni halali. Lakini mizani ya kila muuzaji ikiwa na kilo yake mwenyewe, soko lile limegeuka kuwa pango la walaghai.

Hapa hutokea mshindani akasema: "Basi dawa ni rahisi. Watu wote na watumie kivinjari kimoja, na ugomvi utakwisha." Hoja hii yasikika kuwa ya busara, na kwa sababu hiyo ni ya hatari. Ilijaribiwa, na matokeo yake yamo katika historia. Microsoft ilishinda vita vile. Katika miaka ya kwanza ya karne hii, wasomaji zaidi ya tisa katika kila kumi walitumia Internet Explorer. Toleo la 6 lilitoka mwaka 2001. Toleo la 7 likatoka lini? Mwaka 2006. Kwa miaka mitano mshindi alikaa kitako, kwa maana hakuwa na wa kushindana naye. Makosa yaliyojulikana hayakusahihishwa, na wajenzi walitumia siku zao kutafuta hila za kuyazunguka. Usingizi ule ulianza kukatika baada ya Firefox kutokea mwezi wa Novemba 2004 na kuanza kuwavuta watu.

Mfano wa Korea Kusini ni mchungu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ile ilitaka biashara salama katika intaneti, nia ambayo hapana awezaye kuilaumu. Wataalamu wake walibuni njia yao ya kuficha siri, iitwayo SEED, na mwaka 1999 ikatungwa sheria ya saini za elektroniki. Vivinjari havikuwa na njia ile ndani yake, basi ikaingizwa kwa kipande cha programu cha namna iitwayo ActiveX. Na ActiveX ilifanya kazi katika Internet Explorer cha Windows tu. Kwa mpango huo taifa zima lilifungwa kamba na kampuni moja ya nchi ya ng'ambo. Mwenye kompyuta ya Apple au ya Linux hakuweza kuifikia benki yake mwenyewe kwa njia ya intaneti. Mwaka 2014 jambo hili lilifika hata kwa Rais Park Geun-hye, ambaye alilalamika kwamba wageni walioipenda tamthilia maarufu ya televisheni walitaka kununua koti la mhusika wake katika maduka ya Korea, wakashindwa kwa sababu ya ActiveX. Cheti cha lazima kilichoambatana na mpango ule hakikuondolewa katika sheria hata mwezi wa Desemba 2020. Kufunga fundo kulichukua miaka michache, na kulifungua kukachukua miaka ishirini. Internet Explorer chenyewe kilistaafishwa na Microsoft mwezi wa Juni 2022. Aliyejenga nyumba yake juu ya kivinjari kimoja amejenga juu ya mgongo wa ngamia: siku ngamia ainukapo, nyumba haipo.

Liko pia kosa la pili, nalo ni kumhukumu mgeni kwa jina lake. Kila kivinjari kibishapo hodi katika seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hujitambulisha kwa mstari wa maneno. Wajenzi wa kale wakaanza kuusoma mstari huo mlangoni. Aliyejiita Mozilla, jina ambalo kivinjari cha Netscape kilitumia, alipewa ukurasa kamili. Mwingine alipewa makombo, hata kama alikuwa na uwezo ule ule. Internet Explorer kikaona, nacho kikajiita Mozilla ili kipokewe. Waliokuja baadaye wakafuata nyayo zile zile, kila mmoja akiongeza majina ya wakubwa waliomtangulia. Hata leo Chrome hujitambulisha kwa majina ya Mozilla, AppleWebKit, KHTML, Gecko na Safari, pamoja na jina lake mwenyewe. Ni kichekesho, lakini kina fundisho zito. Mahali ambapo watu hupewa haki kwa majina yao, watu hujifunza kusema uongo juu ya majina yao. Na sisi wa nchi hii hatuhitaji kufundishwa maana ya maneno hayo. Mjenzi mwadilifu hamwulizi mgeni kwamba ni wa ukoo gani. Humwuliza, "Je, waweza kufanya jambo hili?" Akiweza, hupewa, asipoweza, hupewa njia nyingine ya kulifikia lile lile.

Mambo yaliyoleta nafuu ni kanuni za pamoja na watu wenye ukaidi wa kuzidai. Mwaka 1998 wajenzi wa tovuti waliochoshwa na vita waliunda umoja wa kudai kwamba vivinjari vifuate kanuni. Mwaka 2005 walitoa jaribio lililoitwa Acid2: ukurasa ambao, ukifasiriwa kwa kufuata kanuni, huchora uso wenye tabasamu, na ukifasiriwa ovyo huchora vurugu. Kila mtu aliweza kuona kwa macho yake ni kivinjari gani kisemacho kweli. Kanuni za HTML5, zilizotangazwa na W3C mwaka 2014, zilieleza hata jinsi kivinjari kipasavyo kuyapokea maandishi yenye makosa, ili vyote viyapokee kwa namna moja. Na tangu mwaka 2022 washindani wenyewe, yaani Apple, Google, Microsoft na Mozilla, pamoja na makampuni ya Bocoup na Igalia, huchagua kila mwaka mambo ambayo vivinjari havijapatana juu yake, wakayapima na kuyasawazisha hadharani. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo jambo la nyumbani lifananalo na hili. Watu wa Lamu wana Kiamu, wa Mombasa wana Kimvita, wa Unguja wana Kiunguja. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa lugha ya vitabu vya shule, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Uchaguzi ule ulilalamikiwa na wengi wa pwani yetu, na malalamiko yao hayakuwa ya bure. Maana kanuni itungwayo pasipo kuwasikiliza wote huacha kovu. Walakini leo kitabu kimoja husomwa Kisumu, Tabora na Tanga, wala mshairi wa Mombasa hakuzuiwa kuimba kwa Kimvita chake. Fundisho ni maradufu: pawe na kanuni, na wote wasikilizwe katika kuitunga. Ndiyo sababu siwezi kufurahi nionapo kwamba vivinjari vingi vya leo, kama vile Chrome, Edge na Opera, vyote vimejengwa juu ya injini moja iitwayo Blink. Microsoft iliiacha injini yake ikahamia huko katika toleo la mwezi wa Januari 2020. Umoja huo ni mtamu mdomoni mwa mjenzi mvivu. Lakini kanuni ni mapatano ya wengi. Na pakibaki msemaji mmoja, hapana mapatano, pana amri.

Nimewashitaki wajenzi, sasa nitawatetea kidogo. Wapo mabwana wa makampuni na wakuu wa ofisi ambao huishika picha ya ukurasa iliyochorwa na msanii, wakaamuru kwamba ukurasa uonekane vivyo hivyo katika kila kivinjari, pasipungue hata unywele. Amri hiyo ni ya mtu asiyejua alichonunua. Kioo cha simu ni chembamba na kioo cha kompyuta ya mezani ni kipana. Vitawezaje kuonyesha sura moja? Mwenye macho dhaifu huzikuza herufi mara mbili, je, akatazwe? Asiyeona hutumia programu ya kumsomea kwa sauti, na kwake ukurasa hauna sura kabisa, una maneno na mpangilio wake tu. Usawa si ufanano. Baba awagawiapo watoto wake nguo hawapi wote kipimo kimoja. Humpa kila mmoja imtoshayo, na hapana asemaye kwamba amewabagua. Tunachokidai ni kwamba kila msomaji apate habari zote, aweze kutenda kila tendo lililokusudiwa, na aone mpangilio unaoeleweka. Pembe za kitufe zikiwa za mviringo kwake na za mraba kwa jirani yake, hakudhulumiwa kitu.

Na njia ya kulitimiza jambo hili haina siri. Jenga kama wajengavyo waashi, kuanzia chini. Msingi ni HTML, yaani maneno na mpangilio wake. Kuta na rangi ni CSS. Mitambo ya kupendeza ni JavaScript. HTML ina tabia njema: kivinjari kikikuta alama kisichoijua, huiruka na kuyaonyesha maneno yaliyomo. CSS nayo ni pole: agizo lisilofahamika hupuuzwa, na mengine yakafuatwa. JavaScript haina huruma hiyo. Kosa moja la sarufi, na faili nzima ya programu hukataa kuanza. Basi mjenzi mwenye akili huutegemeza uzito wa nyumba juu ya kilicho imara. Kitufe cha kutuma fomu kimo katika HTML tangu miaka ya 1990, na hapana kivinjari kisichokijua. Mjenzi akiking'oa, akaweka mahali pake picha inayofanana na kitufe na kuiendesha kwa JavaScript peke yake, ameondoa mlango wa mbao uliofunguka kwa kila mkono, akaweka mlango wa uchawi usiofunguka ila kwa wajuao maneno.

Mshindani wa mwisho ni mtu wa hesabu. Husema: "Watumiao vivinjari vya namna hiyo ni wawili tu katika kila mia. Gharama ya kuwahudumia haina faida." Na tuikubali hesabu yake, kisha tuimalize, maana yeye ameiacha nusu njia. Wawili katika mia, kati ya watu milioni moja, ni watu 20,000. Je, ofisi gani ya umma ingethubutu kuwafungia mlango watu 20,000 kwa kusema kwamba ni wachache? Tena wachache hao si mchanganyiko wa bahati nasibu. Aghalabu ni wenye simu za zamani, wenye kulipia intaneti kwa kipimo kidogo, na wakaao mbali na mji. Wengi katika Afrika waliufikia Wavuti kwa mara ya kwanza kwa kivinjari cha Opera Mini, kilichotolewa na kampuni ya Norway mwaka 2005. Hicho huupitisha ukurasa kwanza katika seva za kampuni, zikaupunguza uzito, kisha ukafika kwa msomaji ukiwa mwepesi na wa bei nafuu. Lakini JavaScript nyingi haifanyi kazi humo kama kwingine. Mjenzi asemaye kwamba msomaji na anunue simu bora ni kama daktari amwambiaye mgonjwa arudi akishapona.

Tena gharama yenyewe hukuzwa kuliko ilivyo. Kufuata kanuni tangu siku ya kwanza hakugharimu zaidi ya kutozifuata; kinachogharimu ni kubomoa na kujenga upya. Mjenzi na aufungue ukurasa wake katika vivinjari viwili vitatu vyenye injini tofauti. Na aufungue katika simu ya bei ndogo, si katika ile ya kujivunia tu. Na azikuze herufi mara mbili aone kama maneno hayapandani. Na aizime JavaScript aone kinachobaki. Majaribio hayo manne yaweza kumalizika kabla ya chai kupoa, na yangeepusha aibu nyingi.

Vijana msomao maneno haya, baadhi yenu mtajenga tovuti, na baadhi yenu mtazinunua kwa ajili ya shule, ushirika, hospitali na wizara. Samaki hukunjwa angali mbichi, kwa hiyo naliweka shitaka langu mbele yenu mapema. Mtakaojenga, msikubali kusema, "Katika kompyuta yangu unaonekana vizuri," kana kwamba ukurasa ulijengwa ili nyinyi wenyewe muutazame. Mtakaonunua, msilipe kazi kabla ya kuiona katika simu ya mtu asiye na uwezo. Na mtakaokuwa wasomaji tu, msione haya kulalamika ukurasa ukiwakataa. Kosa si la kidole chenu wala la simu yenu, na ukimya wenu ndio unaomfanya mjenzi adhani kwamba kazi yake imekamilika.

Wavuti ulitolewa bure mwaka 1993 ili kila chombo kiweze kuusoma. Anayeuza kwa sehemu kilichotolewa kwa wote, hata kama hapokei senti, amejitwalia kisicho chake. Naye yapasa arudishe.